Miti Saba

Kaja Shaame mapema, viatu hakuvivua,
Mlangoni kasimama, bahasha akaitoa:
Milioni mbili nzima, miti saba kukodia.
Kesho jibu angojea, yuko Wete bandarini.

Nimetandika mkeka, pishi nimeipakata,
Kokoto ninaziweka, moja, mbili, hata sita,
Na kila ninaloshika, jengine hulifuata.
Kichwa huku kinavuta, kifua kule shambani.

Mwaka jana miti yangu ilizaa tu vivuli;
Safari hii mafungu yananing'inia tuli.
Nikichelewa, wenzangu, huchanua, si ya mali.
Siku tatu, au mbili, zimebaki matawini.

Nikizipokea zake, nitalala usingizi;
Vuli na imwage yake, kwa Shaame ndiyo kazi.
Bati jipya niezeke jiko na banda la mbuzi,
Nilipe vitu vya juzi nilivyokopa dukani.

Ila mkodi wa mwaka hauoni mti kesho:
Tawi zima hulishika, akalivunja la mwisho;
Mti ukishakauka, kwake si tone la jasho.
Bahasha ina kitisho kisichoandikwa ndani.

Lakini nikichumisha zangu hizi karafuu,
Vijana nikapandisha, waliozoea juu,
Jua tatu zikatosha, zikalia kwa miguu,
Fungu langu liwe kuu, likifika mizanini!

Toa pishi za wenzetu, toa gari na gunia,
Toa sukari na vitu vya asubuhi kunywea;
Mifuko nayo ni watu, karafuu hupotea.
Hata hivyo zabakia tatu kasoro, nadhani.

Au mbichi niziuze, jioni hiyo, kwa ndoo,
Wingu lisiniduwaze, nisikunje jamvi mbio?
Bikombo asinicheze, ndoo yake si ya leo:
Huijazi kwa kilio, ina tumbo kitakoni.

Kasema shemeji Faki, "Shika kilicho karibu."
Mkewe naye hataki: "Haraka ina taabu."
Wametoka hawacheki, kila mtu na jawabu.
Nikabaki na hesabu, na kelele sikioni.

Suwedi yeye hangoji, ngoe amekwisha chonga;
Ati, "Mama, mchumaji nipo, ya nini kutanga?"
Kifua chake cha uji, kidevu bado kichanga,
Ana mwendo wa kuringa, wa babaye, mguuni.

Mti ule wa kisima, ulio mwisho wa safu,
Tawi alilolipima lilikuwa ni hafifu.
Makame hakusimama. Kikoi kina harufu.
Sikifui, nina hofu isije kwisha nguoni.

Na hili jambo la kule, nilipange fungu lipi?
Mizani ya chuma ile, kikoi hupima wapi?
Nimepanga hivi, vile, kokoto, sijui zipi,
Na usiku ni mfupi, na adhana i mbioni.

Kwacha. Nafungua kasha, kikoi nakichomoa,
Pishini ninakishusha, pishi yote inajaa.
Kokoto ninazirusha, kuku wanazidonoa.
Sikuwa nimeamua; ni mkono, si kichwani.

Basi, shauri nakata, si kwa hesabu kamili:
Shaame sita kapata, apunguze yake mali.
Suwedi domo lavuta, ngoe kaitupa mbali.
Wa kisima sikubali kuutoa mkononi.

Matawi ya chini yake nitachuma peke yangu;
Za juu na zipevuke, zianguke kwa mafungu.
Bikombo na anicheke, "Natupa tonge la Mungu."
Pishi moja, jasho langu, yatosha hapa jamvini.

Hasara nimeiona, milioni na kupita.
Usiku nitajibana, pengine nitaijuta;
Mbuzi wataloa sana, bati halikuwapata.
Ila Suwedi ateta, yu wima, huko uani.