Kukata Pua

Kilikuja Machi, mwaka hamsini na mbili:
kichwa cha treni namba 1507,
buluu, na mstari wa njano haujakauka vizuri.
Hakikuhema. Hakikutema cheche.
Kilinguruma palepale, chini kwa chini,
kama mtu asomaye barua ya deni.

Mama alitoka na povu mikononi.
"Hiki kinakunywa nini?"
Baba alikuwa akilitazama tangi,
pipa la mbao juu ya miguu minane,
lililoizaa Lodema katikati ya Nebraska;
maana mvuke una kiu, kila maili ishirini,
na penye kiu pakaota duka, kinyozi,
kanisa la Wacheki, shule ya vyumba viwili.

Dizeli ilipita.
Siku ya pili ikapita tena.

Chama kilimlindia Baba kiti chake cha kushoto:
Vojtech Pribyl, mpiga makaa miaka kumi na tisa,
akae, atazame nje, mshahara uleule, koleo hakuna.
Alirudi na shati safi.
Mama alilifua vilevile.

"Moto wake haugusi gurudumu,"
alinifundisha mezani kwa vijiko.
"Hapa mitungi kumi na sita. Inazungusha dainamo.
Dainamo inalisha mota, mota imekumbatia ekseli.
Dereva ana mpini wa ngazi nane. Nane tu!
Haddix angeweza kuuendesha huku akila tufaha."
Akavirudisha vijiko, kimoja kimoja.
"Na anakula."

Miaka ishirini baadaye kililetwa karakana kwetu.
Kilikuwa bado na ile pua ndefu ya kizamani,
iliyoficha mchanga na choo, na nusu ya reli.
Madereva walilalamika: hatuoni mbele.
Kata pua uunge wajihi.
Gesi ilikuwa mkononi mwangu.

Ndani ya choo, juu ya bati, palikuwa na chaki.
Mwandiko wa Baba, herufi zinazoegemea upande wa upepo:
majina ya matangi ya maji, kumi na moja au kumi na mawili,
na kila lililobomolewa limepigwa mstari.
Msimamizi alikuwa mlangoni, saa mkononi.
Nilishusha miwani. Nikakata.

Watu huniuliza kama Lodema ilikuwa imepigwa mstari.
Sijui. Kweli sijui.
Niliona bati likiwa jekundu, kisha jeupe,
kisha likaanguka, nikaita winchi.

Sasa kimepakwa rangi ya tatu, ya kampuni ya nafaka,
namba yake wameibadilisha,
ila nikisikia ngurumo ile usiku naijua.
Asubuhi moja nilikingoja kivukoni.
Kikaja na uso wake mfupi, vioo vipana,
dereva kijana akiona kila kitu, maili nne mbele:
mahindi, na mahindi,
na miguu minane ya zege isiyobeba kitu.