Pambizoni

Kwa Kombo Mwinyi, kibandani Mwembe Tayari,
riwaya moja ni shilingi thelathini kwa wiki.
Ukichelewa, kumi juu. Ukichafua hasemi,
akutazama tu mpaka utoe mwenyewe.
Mimi huchafua. Nina penseli.

Nimesoma zile za zamani, za barua na leso iliyodondoshwa,
sasa nasoma hizi za leo, na nina maneno.

Kwani kila mwanamume ana hoteli Nyali?
Hakuna apimaye magunia bandarini,
hakuna auzaye vioo vya magari Makupa,
hakuna aliyekopa nauli ya kwenda kuposa?
Mabega, mabega. Ukurasa wa tatu, tayari mabega!
Mimi nashona kanzu na suti hapa Kibokoni
mwaka wa ishirini na sita, na tepu yangu ni shahidi:
bega moja huwa chini kuliko lenzake.
Hapo palipoinama ndipo pa kumpendea mtu,
na mwandishi kapapiga pasi.

Na mvua yao! Hunyesha penye baraza tu,
wawili wakajibanza, pumzi zikachanganyika.
Na waje Mei, barabara imefurika,
viatu mkononi, buibui limekunjwa hadi magotini,
na mtu mume umpendaye yuko ng'ambo ya dimbwi
akupigia kelele: gesi umezima?

Sitaki tena ugomvi wa sura kumi
ambao simu ya shilingi tano ingeumaliza.
Na yule mpenzi wa kwanza, mrembo, mbaya, kucha nyekundu,
mimi namhurumia. Hakuna amwulizaye kala nini.
Siku hizi wakikosana huzungumza kama mawakili,
"nahitaji nafasi," "umevuka mipaka yangu."
Kununa kumekwenda wapi?
Marehemu Shee alininunia siku nne kwa ajili ya ndimu.
Ya tano akaja na ndimu kilo mbili,
akazimwaga mezani, akaenda kuoga.
Sura hiyo nani ataiandika?

Chumbani nako, ama waubamiza mlango usoni mwetu
ama waung'oa na bawaba zake.
Uacheni kiasi. Mwanga wa taa upite chini.

Yote haya nayaandika pambizoni, herufi ndogondogo.
Kipo kitabu kimoja, kibovu kuliko vyote,
nilichokiazima tena Shaabani kwa kukosa kipya.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, binti yuapewa busu
na chai jikoni yachemka mpaka yakauka.
Mara ya kwanza niliandika: "Uongo. Mwanamke hasahau chai."
Sasa chini yake, kwa kalamu nyekundu, mkono wa kulalia:
"Mke wangu alisahau. Sufuria ningali nayo."

Najua, najua.
Ingekuwa riwaya ningesonya,
ningesema haya, mabega hayo yaja.
Sikumwuliza Kombo ni nani.
Huenda hana hata jino. Huenda sufuria ni ya kuzua.
Nilichonga penseli tu, nikaandika:
"Iliungua sana?"

Hiyo ni Shaabani. Ramadhani ikapita,
Idi ikapita na kanzu zake, sikulala,
na kitabu, asema Kombo, kiko kwa binti mmoja wa Tudor
aliyekichukua akanyamaza nacho.
Wiki ya saba.
Ama asoma polepole,
ama kakipenda, kibovu kile,
ama naye ana penseli.

Jana nilimwambia Kombo faini ya huyo binti
nitalipa mimi, mradi kirudi.
Akanitazama tu.
Safari hii sikutoa kitu.