Ngazi ya Nne

Kazi yangu ni kusoma maji.
Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni,
naandika namba kwenye daftari la Bodi ya Bonde,
kwa posho ya mwezi, ikija.
Februari kipimo kilizama, namba na rangi zake,
nikahamia zahanati: ina ngazi saba.
Leo ziwa limekaa ya nne,
limekaa kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Wapimaji walikuja Kyela Oktoba, jua kali,
mchanga mweupe hadi kule.
Mita sitini, wakasema, kutoka ukingo wa maji.
Wakapiga bikoni, wakanywa soda,
wakaondoka mapema wauwahi ukungu wa Tukuyu.
Aprili, bikoni imo ziwani.
Juu yake mdiria anameza usipa.
Kisheria, ndege yule anaishi nchi kavu.

Kisha ikaja ramani, imeviringishwa, inanukia wino.
Buluu ni ziwa. Njano ni eneo la tahadhari.
Kijani ndiko tutakakohamia, kule juu
kwenye kakao ya watu ambao hawajaulizwa.
Afisa mipango, kijana mpole, viatu mkononi,
akatusomea: kaya mia mbili kumi na mbili.

Tusekile Mwakibete akasimama, pindo la kanga linachuruzika.
"Kwangu umeandika wangapi?"
"Sita, mama."
"Hesabu tena. Mume wangu yuko nyuma ya migomba,
na mama yake,
na mapacha wangu ambao hawakuwahi kupata jina.
Kumi."

Hakuna aliyekohoa.
Kijana akapekua karatasi, akitafuta safu ya kuwaandika,
akageuza, akageuza tena,
akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari.

Mimi mipango siijui. Najua ngazi.
Ya tano ikilowa, friji ya chanjo inahama.
Ya sita, kitanda cha wazazi.
Ya saba, sina tena pa kusomea.

Jioni hii nimeandika: nne, na vidole viwili.
Pembeni nimechora mstari kwa penseli,
safu nyembamba isiyo na kichwa cha habari,
nikajaza: nyuma ya migomba, wanne.
Maji hayajawafikia.
Ila majani ya chini yameshageuka njano,
njano ileile
ya ramani.