Samaki Aliyevaa Hariri

Jumapili, Surat. Mvua inayapiga mabati ya sinema
nasi tumeketi watatu safu ya nane:
Parthiv katikati, kama kiambaza
baina yangu na mama yake.

Kwenye kiwambo, bwana harusi wa Kipunjabi kachelewa saa nne.
Farasi wake amegoma mbele ya duka la matairi.
Ukoo wa bibi harusi ni Watamil, watu wa kuozana alfajiri;
wamekwisha kula, wamekwisha kulala,
kuhani anakoroma, nazi mkononi.
Parthiv anacheka hadi bisi zinampalia.
Mavyaa hacheki.
Mavyaa anapiga hesabu ya maua.

Mimi nimetoka Siliguri, Bengali.
Kwetu harusi bila samaki ni mazishi.
Kwao samaki ndiye mazishi.
Hilo hakuna aliyemwambia mjomba Nirupam,

ambaye asubuhi ile, miaka kumi na mmoja sasa,
aliingia ukumbini na sinia kichwani,
na juu ya sinia bibi harusi wa pili:
samaki wa mtoni, kilo nne na ushei,
kavishwa sari nyekundu yenye upindo wa dhahabu,
katiwa wanja, kachomekwa kipini
pale ambapo samaki angekuwa na pua,
mdomo wazi, kama shangazi aliyedokezewa siri.

Mavyaa akafunua.
Ukelele wake, wasema, ulivuka mto Tapi
ukarudi umelowa.
Wifi yangu alizirai mara mbili,
ya pili baada ya kuhakikisha mpiga picha yupo.

Mgeni siku mbili; ya tatu
nikapewa kifimbo cha kusukumia chapati.
Samaki mkunje angali mbichi, nami nikakunjwa:
chapati zangu, ramani za nchi zisizokuwepo,
zilikwenda kwa ng'ombe wa mtaani;
dengu nilizosahau kuzitia sukari
zilirudishwa jikoni bila neno.
Sikulia. Kila Alhamisi niliaga naenda kwa fundi cherehani,
nikala wali kwa mchuzi wa samaki na haradali
kwa mama mmoja nyuma ya stesheni,
nikarudi nikitafuna iliki hadi ulimi unakufa ganzi.
Miaka kumi na mmoja ya fundi,
na blauzi hata moja haijashonwa.
Hakuna aliyeuliza.

Mapumziko yamekwisha. Taa zinazimwa.
Kwenye kiwambo linaingia sinia,
na mimi najua kilichomo kabla halijafunuliwa.
Nazama kitini.
Ukumbi mzima unaangua kicheko,
mtoto nyuma yetu anapiga mbinja.
Parthiv, kwa mara ya kwanza leo, kanyamaza,
anavitazama viatu vyake.

Mavyaa anapekua mkoba, anatafuta miwani.
Anaitoa ndani ya kitambaa chekundu,
kidogo, upana wa viganja viwili,
upindo wake wa dhahabu umefumuka pembeni.
Nakijua kitambaa kile.
Nilikuwapo mama yangu alipokipima
juu ya magamba, pini mdomoni.
Kimefuliwa, sijui mara ngapi,
kimepigwa pasi, kimefukizwa udi.

Anavaa miwani. Anamkagua samaki wa sinema
kama anavyokagua nyanya za mchuuzi asiyemwamini.
Kisha anainama, anavuka mapaja ya mwanawe,
pumzi yake ina karafuu:
"Nailoni ile. Wa kwetu alivaa hariri."

Wa kwetu.

Sijui filamu iliishaje.
Nadhani walizunguka moto, nadhani farasi alipatikana.

Nje, tukisubiri bajaji chini ya mwavuli mmoja,
Parthiv akiwa barabarani anapunga mikono na kulowa,
mavyaa anafunga zipu ya mkoba,
haniangalii:
"Alhamisi, ukienda kwa huyo fundi wako,
jifunge ushungi.
Haradali hukaa kwenye nywele."