Mke Mwenzangu wa Futi Kumi na Mbili

Chumba cha juu, hapa Al Khoudh, kilikuwa cha wageni.
Sasa wageni wanalala sebuleni
na mke mwenzangu kajinyoosha ukuta hadi ukuta,
futi kumi na mbili za mbao,
anapulizwa na kiyoyozi usiku kucha
mimi nikijipepea kwa gazeti.

Ni reli.
Reli ya tawi, Zahor hunisahihisha, siyo reli kuu:
njia moja, kichwa kimoja,
behewa moja la watu, moja la ng'ombe,
stesheni ya mawe yenye bomba moja la moshi,
na mwisho wake ni mwisho kweli,
mbele yake nyasi tu.

Hakuipanda hata siku moja.
Alipofika Ireland kusomea maabara, mwaka sabini na nane,
vyuma vilishang'olewa, vimeuzwa kwa uzito.
Bi Noreen, mwenye nyumba aliyopanga,
alimpeleka kwenye tuta lililoota miiba, akamwambia:
Hapa baba yangu alikuwa akifungua geti,
mara nne kwa siku, Jumapili hapana.
Ungeisikia kabla hujaiona.
Basi, hilo tu.
Nalo likamkaa kooni miaka yote hii
kama mwiba wa changu.

Kastaafu, anajenga alichosimuliwa.
Kokoto kazichekecha kutoka wadini
kwa chujio langu la chai.
Mataruma ni vijiti vya kukorogea kahawa,
mia sita na arobaini,
idadi naijua, mkataji nilikuwa mimi.
Miti ni vijitawi vya mgunga,
nyasi ni unga wa randa uliotiwa rangi,
na hapo kwenye rangi tuligombana.
Siyo kijani hicho, akasema.
Wala hicho. Hicho ni cha mlango wa duka la dawa.
Kijani cha huko kimelowa.
Akasema hivyo dirishani vumbi limesimama,
mlima mzima una rangi ya biskuti.

Nipe brashi, nikamwambia.
Mimi nimekulia Wete.
Kijani kilicholowa, unanifundisha wewe?
Nikachanganya buluu kidogo, na masizi,
na tone la manjano kama lililojuta,
nikapaka tuta lote, mpaka getini.
Alinyamaza.
Mimi pia nilinyamaza, maana nilikuwa nimepaka
nyuma ya nyumba ya mama yangu.

Kibao cha stesheni kina lugha mbili, kama vibao vya hapa.
Mgongoni mwake, pasipoonekana,
nimeandika kwa ncha ya sindano lugha ya tatu:
Shukeni taratibu.

Kilichobaki kumkera ni kimoja.
Treni ilipita kimya, kama paka anayetoka jikoni.
Akabadilisha magurudumu. Kimya.
Akatia risasi behewani ziongeze uzito. Kimya.

Julai umeme ulikatika saa tano mchana.
Kufikia alasiri reli imejikunja darajani
kama tambi iliyosahauliwa motoni.
Zahor alikaa chini kama aliyefiwa.
Mjukuu wetu Yaqdhan akauliza, Babu, treni imekufa?
Hakujibiwa.

Nikapanda na tupa yangu ya kucha.
Umevibananisha mno, nikamwambia.
Chuma kikipata joto kinataka pa kwenda.
Tukakata, yeye kashika, mimi nasugua,
mwanya wa unene wa kadi ya hospitali
kila baada ya shubiri moja,
mpaka adhana ya magharibi.

Umeme uliporudi akabonyeza.
Ta-tak.
Ta-tak, ta-tak.
Akanitazama, mdomo wazi, bonye la gundi shavuni.
Miezi minane ameutafuta mlio ule,
kumbe alikuwa ameubana mwenyewe.

Siku hizi inafika stesheni imechelewa,
na hakuna anayelalamika.
Mara nne kwa siku.
Jumapili nilijaribu kuibonyeza, akaniondoa mkono:
Jumapili hapana.
Sawa, nikasema. Basi Jumapili kiyoyozi changu.