Korosho Nje ya Bibo

Mwezi wa tatu ghala la chama, hapa Newala, halina gunia hata moja.
Tunatandika turubai juu ya makapi ya mpunga,
tunaweka mawe kwenye pembe upepo usilinyanyue,
na harufu ya mafuta ya maganda bado inawasha puani
kama deni la msimu uliopita.

Mimi ni karani wa mizani. Kilo hamsini na mbili, nikiwa nimeshiba.
Mfaume Nanjota ni kuli: themanini na tisa,
na mieleka aliijulia mchangani, utotoni, kule Kitangari,
ambako mshindi ni yule asiye na vumbi mgongoni.

Hakuwa na hila. Alikuwa na miguu yangu.
Alishuka, akaikumbatia kama mzigo uliokwisha pimwa,
nikaona bati, nikaona misumari ya bati,
siku ya kwanza mara saba, ya pili sikuhesabu.
Kichwani nilikuwa na methali: aliye juu mngoje chini.
Nikangoja chini.
Chini nikazikuta kilo zake zote themanini na tisa.
Mizani haidanganyi. Methali, mara mojamoja.

Mwalimu Mchopa, aliyeuleta mchezo huu kutoka Nampula
pamoja na kikohozi na vazi moja lenye viraka,
hakunipa nguvu. Aliuliza tu:
Korosho hukaa wapi?
Mtini, nikasema.
Kwenye bibo, wapi?
Nje, mwalimu. Inaning'inia nje,
kila mtoto wa hapa anajua,
chenye bei ndicho kisichofunikwa.
Basi. Mtu wa mieleka akija miguuni
mwili wote anaufunga, kimoja anakisahau nje.
Usikivute. Mama yako huvuta?

Mama havuti. Mama huzungusha.

Ikawa Alhamisi, mvua imetoka kukatika.
Mfaume akashuka kama kawaida yake,
bega pajani, kichwa ubavuni kwangu,
nami mara hii sikumkimbia.
Mkono ukapita chini ya kidevu,
wa pili ukaufuata, ukafunga
kama unavyofungwa mdomo wa gunia;
nikazungusha kiwiko, nikanyoosha mgongo.
Vibaka wa stendi huiita roba, na huishika kwa pupa.
Hii haina pupa.
Tulikuwa wima, wote wawili, miguu minne juu ya turubai,
na niliisikia pumzi yake ikijaribu mlango huu, na huu.
Halafu kiganja, kile kile kinyanyuacho magunia,
kikagonga mgongoni kwangu mara mbili, taratibu,
kama mgeni apigaye hodi nyumba asiyo na uhakika nayo.

Nikafungua.

Alikaa chini, akakohoa, akacheka ameshika koo.
"Lakini nilikuwa bado nimesimama," akasema,
kama mtu anayedai chenji.

Sasa ni Oktoba. Turubai limekunjwa,
magunia yamepanda mpaka yanagusa misumari niliyoihesabu.
Makuli wanapita mbele ya mizani, ninaandika.
Mfaume anapita na mzigo begani,
kidevu amekibana kifuani kama kuku aliyenyeshewa.
Themanini na moja, nasema.
Hajibu. Anainama kuutua,
kwa magoti, shingo haitoi,
na macho yake, nayaona,
yanapima tena miguu yangu chini ya meza.