Bomba la Lita Kumi na Sita

Tulilinunua Majengo, Jumanne,
bomba la kubeba mgongoni,
bluu, bado linanukia plastiki.
Kwenye boksi mwanamume anacheka katikati ya mizabibu
ambayo haijawahi kuona vumbi la Mbabala.
Elfu arobaini na tano. Tukapunguziwa elfu mbili.
Chini ya risiti, kwa muhuri wa zambarau:
MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Chilewa alinyunyizia mistari mitatu.
Wa nne akasema, "Leo natokwa jasho la baridi."
Halikuwa jasho.
Mshono wa chini ulikuwa umefumuka taratibu,
kama mtu anayetoa siri,
dawa ya ubwiri ikateremka uti wa mgongo,
ikafika kwenye mkanda, ikatuama.
Usiku ngozi ilibanduka pamoja na shati.

Shekalage dukani akasema: mimi muuzaji tu, muulize wa jumla.
Wa jumla, kwa simu: sisi twapokea kontena, muulize aliyeagiza.
Aliyeagiza akaleta barua yenye nembo:
mtumiaji hakufuata maelekezo.
Maelekezo ninayo, nimeyatunza.
Mwalimu wa sayansi pale Bihawana
aliyageuza juu chini, chini juu, akanirudishia.
Na kiwanda?
Kiwanda hakina hata sanduku la posta.

Ndipo nilipojua lawama nayo ina mshono mbovu:
huvujia chini tu,
kwa aliyebeba.

Hakimu alikuwa mama mfupi mwenye kikohozi cha kiangazi.
Alimsikiliza wakili wao mpaka saa sita na nusu:
hatukulitengeneza, hatukulifungua,
tulilipokea limefungwa, tukaliuza limefungwa.
"Na faida, mliipokea imefungwa?"
akauliza, bila kuinua kichwa.

Kisha akamtuma karani ndoo ya maji, maji safi.
Bomba likajazwa mbele yetu.
"Bwana Shekalage, livae.
Ni maji tu. Zunguka nalo hapo uani, mara moja."

Siku hiyo alivaa shati jeupe, limenyooshwa kwa pasi.
Akalitazama bomba.
Akautazama mkono wa shati.
Upepo wa Dodoma ukasukuma mlango, ukaurudisha.
Hakusema kitu,
na karani akakiandika hata hicho kimya;
niliisikia kalamu.

Hukumu bado.
Chilewa, benchi la nyuma, alikuwa ameketi
kama anavyoketi tangu Mei,
bila kuegemea.